Mkaa wa Ufipa na Kaboni ya Mabomu

Mwaka 1953 mwanaakiolojia Mwingereza, J. Desmond Clark, alifika kwenye bonde dogo lililo juu kidogo ya maporomoko ya Kalambo. Siku hizo ukingo mmoja wa mto uliitwa Tanganyika na wa pili Rhodesia ya Kaskazini. Leo ni Tanzania na Zambia, na upande wetu, wa Tanzania, ni nchi ya Ufipa, katika Wilaya ya Kalambo, ambayo makao yake makuu ni Matai. Mto ulikuwa umekula kingo zake, na katika ukuta wa udongo uliobaki wazi Clark aliona zana za mawe za zama za kale sana. Mawe ya aina hiyo alikwisha kuyaona kwingine. Jambo geni lilikuwa mbao zilizolala pamoja nayo: magogo, matawi na vipande vilivyoungua, vyote ndani ya mchanga uliolowa maji tangu enzi ambayo hakuna aliyeijua.

Anayeijua Ufipa ataelewa mara moja kwa nini lilikuwa jambo kubwa. Katika nchi ya mchwa, jua kali na mvua za miezi mfululizo, gogo lililoanguka halina maisha marefu. Jiwe hubaki, mpini wake ukatoweka. Kalambo maji yalizuia hewa isiufikie mti, na pasipo hewa vijidudu vya kuozesha havifanyi kazi. Clark, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Rhodes-Livingstone, alirudi kuchimba mwaka 1956, akarudi 1959 na tena 1963. Alitoka na mbao, mbegu, matunda, chavua na mkaa. Vitu hivyo vyote viliwahi kuwa hai, na kila kilichowahi kuwa hai kina kaboni ndani yake. Likabaki swali moja: vilikuwa hai lini?

Historia ya jibu la swali hilo imepita Ufipa mara tatu. Mara ya kwanza kipimo kilikwama kwa sababu vitu vilikuwa vya kale mno. Mara ya pili kikababaika kwa sababu vilikuwa vya juzi mno. Mara ya tatu, baada ya mataifa makubwa kuichafua hewa ya dunia nzima kwa mabomu, kikapata ukali wa ajabu, kiasi kwamba sasa jani la mti laweza kusimama shahidi dhidi ya kinu cha nyuklia.

Kipimo kilichokwama

Kaboni-14, ambayo wengi huiita radiokaboni, iligunduliwa Februari 1940 na Martin Kamen na Sam Ruben huko Berkeley, California. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Willard Libby wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kuwa inaweza kutumika kupima umri, na mwaka 1960 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Utaratibu wake ni huu. Mionzi kutoka anga za mbali huigonga angahewa na kufyatua nyutroni. Nyutroni inapoigonga atomi ya naitrojeni, huzaliwa kaboni-14. Hiyo huungana na oksijeni ikawa hewa ya ukaa kama kaboni nyingine yoyote, mti ukaivuta, mbuzi akala majani, mtu akamla mbuzi. Katika kila atomi trilioni moja za kaboni, moja hivi tu ndiyo kaboni-14. Kiumbe akiwa hai, kinachopotea hurudishwa kwa chakula na pumzi. Akifa, mlango hufungwa, na alichokuwa nacho hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730. Anayepima kilichobaki hujua mlango ulifungwa lini.

Mbao za Kalambo zilipelekwa kwenye maabara za ng'ambo, ikiwamo ya Groningen, Uholanzi, iliyosifika wakati huo kwa kupima vitu vikongwe kuliko maabara nyingi. Kwa tabaka lenye mashoka ya mawe ya kale zaidi, jibu lilizunguka miaka 60,000. Juzuu la kwanza la kitabu cha Clark kuhusu Kalambo lilipotoka mwaka 1969, tarehe hiyo ilikuwa imekwisha kuenea vyuoni na vitabuni.

Madhara yake hayakuishia maabara. Kama mafundi wa mashoka ya mawe walikuwa bado wapo Kalambo miaka 60,000 iliyopita, basi Afrika ilionekana kuchelewa. Zama za Mawe za Kati za Afrika zilipangwa sambamba na zama za wachoraji wa mapangoni wa Ulaya, kana kwamba bara lililozaa binadamu lilisinzia huku wengine wakisonga mbele. Bara zima lilipewa cheo cha mwanafunzi aliyebaki nyuma, na mojawapo ya nguzo za cheo hicho ilikuwa gogo kutoka jirani na Matai.

Kosa lilikuwa la hesabu. Baada ya miaka 57,300, yaani baada ya kupungua nusu mara kumi, kaboni-14 iliyobaki haifiki sehemu moja kati ya elfu ya ile ya mwanzo. Hapo uchafu kidogo tu hutawala jibu lote. Ikiwa sehemu moja kati ya 2,000 ya kaboni iliyo katika gogo ni mpya, labda imeletwa na mzizi mwembamba au na maji yaliyopita kwenye majani yaliyooza, mashine itasoma miaka zaidi kidogo ya 60,000, hata kama gogo lenyewe lina miaka nusu milioni. Radiokaboni ilikuwa imeulizwa swali lililozidi uwezo wake, ikajibu kwa uchafu.

Kipimo kingine kilikuwapo, na kilikuwa kimeitikisa dunia kutoka Tanganyika hiyo hiyo. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya Olduvai, mahali Mary Leakey alipolipata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, yalipimwa kwa njia ya potasiamu na agoni yakatoa miaka milioni 1.75. Lakini njia hiyo hudai majivu ya volkano, na Kalambo haina. Ikabidi Kalambo ingoje.

Marekebisho yalianza miaka ya 1970. John Vogel, ambaye alifanya kazi Groningen kabla ya kuhamia Pretoria, alishirikiana na Peter Beaumont mwaka 1972 kuonyesha kwamba tarehe za Zama za Mawe kusini mwa Afrika zilikuwa fupi mno. Mwaka 1975 Fred Wendorf na wenzake walichapisha tarehe kutoka Ethiopia zilizozirudisha Zama za Mawe za Kati nyuma zaidi ya miaka 180,000. Clark mwenyewe, aliyekuwa akifundisha Berkeley tangu 1961, aliandika mwaka huo huo akiuliza kama Afrika ilikuwa pembezoni au kinara. Jibu lake lilikuwa kinara.

Kalambo yenyewe ilipata haki yake Septemba 2023. Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Geoff Duller wa Aberystwyth na wenzao, wakiwamo Wazambia, waliandika katika jarida la Nature kuhusu magogo mawili waliyoyachimba upande wa Zambia, moja limelazwa juu ya jingine na kuchongwa ili yashikane. Waliiacha radiokaboni kando, wakapima ni lini punje za mchanga uliofunika magogo hayo zilionja mwanga wa jua kwa mara ya mwisho. Walipata miaka 476,000, kukiwa na shaka ya miaka 23,000 huku na huku. Ni ujenzi wa mbao wa kale kuliko wote unaojulikana duniani, na ni wa zamani kuliko binadamu wa aina yetu. Lile jibu la miaka 60,000 lilikosea karibu mara nane.

Malungu na miaka isiyosomeka

Juu ya tabaka za mawe, Kalambo kuna tabaka za wakulima na wahunzi. Mkaa wao ulikuwa ndani ya uwezo wa radiokaboni, na hapo kipimo kilifanya kazi yake vizuri. Vyungu ambavyo wataalamu waliviita vya Kalambo vilionekana kuanza karne ya 4 hivi baada ya Kristo na kuendelea hadi karne ya 11. Kwa hiyo chuma na jembe vilikuwa vimefika mpakani mwa Ufipa miaka zaidi ya 1,500 iliyopita. Hadithi ya kikoloni iliyodai kuwa ustaarabu wa eneo hili ulikuja juzi kutoka nje ilikosa pa kushika.

Fahari ya Ufipa, hata hivyo, ni malungu (moja huitwa ilungu): tanuri ndefu za udongo, nyingi zikizidi kimo cha mtu, zilizojengwa kwa udongo wa kichuguu. Zilijazwa mkaa na mawe ya chuma, kisha zikaachwa zivute hewa zenyewe kupitia mabomba ya udongo yaliyopangwa kuzunguka tako lake, bila mtu kuvuta mvukuto. Chuma kilichotoka kilisafishwa baadaye katika tanuri ndogo, vintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikotumika. Majembe ya Ufipa yaliuzwa mbali. R. Wise aliandika kuhusu ufundi huo mwaka 1958 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na J.A.R. Wembah-Rashid akaandika tena mwaka 1969, wakati wazee waliokuwa wamefanya kazi hiyo kwa mikono yao bado walikuwapo. Bertram Mapunda, baadaye mwalimu wa akiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliifanya historia ya chuma ya kusini-magharibi mwa Tanzania kuwa mada ya shahada yake ya uzamivu ya mwaka 1995, akitenganisha aina za tanuri na kufuatilia mabadiliko yake.

Hapa radiokaboni ilibabaika kwa mara ya pili. Tanuri nyingi zinazosimama hadi leo ni za karne chache zilizopita, na kipindi cha kati ya mwaka 1650 na 1950 ni maarufu kwa kuwatesa wapimaji. Katika karne ya 17 jua lilikosa madoa yake kwa miongo kadhaa, na kaboni-14 ikaongezeka hewani. Kisha viwanda vya Ulaya vikaanza kuchoma makaa ya mawe. Makaa hayo ni misitu iliyokufa mamilioni ya miaka iliyopita, hayana kaboni-14 hata chembe, na moshi wake ukaizimua hewa. Hans Suess aliliona jambo hilo katika miti mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Kupanda huku na kushuka huko kulifanya mkaa wa mwaka 1700 ufanane na mkaa wa mwaka 1900. Mkaa uliochotwa chini ya ilungu waweza kurudi kutoka maabara na jibu linalomruhusu mtafiti kuchagua karne yoyote kati ya tatu.

Kwa hiyo mtafiti wa malungu hulazimika kutegemea vitu vingine: umbo la tanuri, mavi ya chuma, vyungu, na kumbukumbu za koo za wahunzi. Radiokaboni humpa kipande kimoja tu cha ushahidi.

Hewa ya mwaka wa Uhuru

Wapimaji wa radiokaboni walikubaliana kuhesabu miaka kurudi nyuma kuanzia 1950. Mwaka huo uliteuliwa kwa urahisi wa hesabu, lakini ukageuka kuwa mpaka wa kweli, kwa kuwa miaka michache baadaye hewa ya dunia ilibadilika.

Bomu la nyuklia linapolipuka hewani hutapika nyutroni, nazo hufanya kile kile kinachofanywa na mionzi ya anga: huigonga naitrojeni na kuzaa kaboni-14. Mabomu ya haidrojeni, yaliyoanza kujaribiwa na Marekani Novemba 1952, yalitoa nyingi mno. Waliolitambua hilo mapema ni watu wa New Zealand, Athol Rafter na Gordon Fergusson, waliokuwa wakipima hewa ya karibu na Wellington tangu mwishoni mwa 1954. Mwaka 1957 walitangaza kuwa kaboni-14 inapanda hewani na katika viumbe, wakaita hali hiyo athari ya bomu la atomu.

Libby naye alikuwa na kofia mbili. Kuanzia 1954 hadi 1959 mvumbuzi huyu wa kipimo alikuwa mjumbe wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, akiutetea msimamo kuwa vumbi la mabomu halikuwa hatari kubwa kwa umma. Upande wa pili alisimama Linus Pauling, ambaye Januari 1958 aliwasilisha Umoja wa Mataifa ombi la wanasayansi zaidi ya 9,000 la kusimamisha majaribio, na mwaka huo huo akaandika juu ya madhara ya kaboni-14 kwa vizazi vijavyo. Huko Moscow Andrei Sakharov, mmoja wa waliolitengeneza bomu la Kisovieti, aliandika makala ya namna hiyo hiyo mwaka 1958. Hoja yao ilikuwa rahisi kuielewa: vumbi lingine la bomu huanguka chini na kufifia, bali kaboni-14 huingia katika ugali, maziwa na mfupa, nayo huhitaji miaka 5,730 kupungua nusu.

Afrika haikukaa kimya. Ufaransa ilipotangaza kujaribu bomu lake Reggane, katika Sahara ya Algeria, kundi la wapinzani kutoka mataifa mbalimbali lilijaribu kuvuka kutoka Ghana kwenda kulizuia. Lilirudishwa njiani. Bomu lililipuliwa tarehe 13 Februari 1960. Kwame Nkrumah alizuia mali za Wafaransa nchini Ghana, na Januari 1961 Nigeria ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ufaransa. Mmoja wa watu wa kundi lile, Mmarekani Mweusi Bill Sutherland, baadaye alihamia Dar es Salaam akaishi huko miaka mingi.

Mlipuko mkubwa kuliko yote ulikuja tarehe 30 Oktoba 1961, Wasovieti walipolipua bomu la megatani 50 hivi juu ya visiwa vya Novaya Zemlya. Siku 40 baadaye Tanganyika ilipandisha bendera yake. Mwaka uliofuata majaribio yaliongezeka tena, hadi Mkataba wa Moscow wa tarehe 5 Agosti 1963 ulipoyapiga marufuku yale ya hewani, majini na anga za juu. Ufaransa na China hazikutia saini. Ufaransa iliacha majaribio ya hewani mwaka 1974, na China mwaka 1980. Tangu 1945 majaribio ya hewani yalikuwa yamezidi 500.

Katika nusu ya kaskazini ya dunia kaboni-14 ya hewani ilikaribia mara mbili ya kawaida kufikia 1963 na 1964. Kusini ilichelewa kidogo na kupanda pungufu, karibu theluthi mbili juu ya kawaida, kilele kikawa 1965 hivi. Ufipa, kwenye latitudo ya 8 kusini, imekaa njia panda. Wakati wa kusi hewa hutoka upande wa kusini. Unapoingia msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, ukanda wa mvua huteremka kusini na kuvuta hewa ya kaskazini, na huo ndio wakati mahindi yanarefuka na misitu ya miombo inajaa majani. Kwa hiyo mimea ya nyanda za juu ilikuwa ikila kwa wingi wakati ule ule hewa ya mabomu ilipofika. Mtoto aliyeota meno Sumbawanga katikati ya miaka ya 1960 amelibeba tukio hilo ndani ya enameli ya meno yake, kama alivyolibeba mtoto wa Stockholm au wa Tokyo.

Pembe za ndovu mahakamani

Uovu huo wa mabomu uliwapa wanasayansi zana. Tangu 1955 kaboni-14 ya hewani haisimami mahali pamoja: ilipanda kwa kasi hadi kilele, kisha ikaanza kushuka mwaka hadi mwaka, bahari ikiinywa na moshi wa mafuta ukiizimua. Kipimo kilichoshindwa kuutenganisha mwaka 1700 na 1900 sasa kinaweza kulikadiria jani la mwaka 1985 kwa tofauti ya mwaka mmoja au miwili.

Mwaka 2013 Kevin Uno, Thure Cerling na wenzao walionyesha, kwa kutumia mimea na wanyama wa Afrika Mashariki, wakiwamo ndovu wa Kenya, kwamba nywele, pembe na meno hubeba kaboni ya mabomu kwa kiwango kile kile cha majani yaliyoliwa. Ugumu ni kwamba kiwango kimoja hupatikana mara mbili, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Dawa yake ni kupima sehemu mbili za pembe. Shina la pembe ndilo jipya na ncha ndiyo ya zamani, na tofauti kati yao huonyesha uko upande upi wa kilima.

Mwaka 2016 Cerling na wenzake walitoa majibu ya vipande 231 kutoka shehena 14 za pembe zilizokamatwa kati ya 2002 na 2014. Karibu pembe zote zilikuwa za ndovu waliokufa chini ya miaka mitatu kabla ya shehena kukamatwa. Visingizio vya pembe kuukuu zilizotoka ghalani vikakosa msingi: waliokuwa wanauzwa ni ndovu waliouawa juzi. Tanzania iliujua uchungu wa jibu hilo. Hesabu za serikali zilionyesha ndovu wakishuka kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014.

Moshi usioonekana wa vinu

Njia hii ya kusoma kaboni mpya hutumika pia kukagua vinu vya nyuklia. Kinu kinapofanya kazi, nyutroni zake hugonga naitrojeni na oksijeni iliyo katika maji, mafuta ya nyuklia na vyuma vyake, na kaboni-14 huzalishwa. Sehemu yake hutoka kupitia bomba la hewa. Mitambo inayochakata mafuta yaliyotumika, kama La Hague ya Ufaransa na, hadi 2022, Sellafield ya Uingereza, hutoa nyingi zaidi, na vinu vya maji mazito hutoa kuliko vya maji ya kawaida. Kwa kawaida viwango ni vidogo. Hata hivyo, kwa kuwa gesi hii huingia katika chakula na kudumu maelfu ya miaka, huchangia sehemu kubwa ya mionzi ambayo umma hupokea kwa muda mrefu kutokana na vinu.

Kipimo kilichowekwa ndani ya bomba ni mali ya mwenye kinu. Jani lililo nje ya uzio ni la kila mtu. Mkaguzi huchuma majani, nyasi, matunda au nafaka kwa umbali na pande tofauti, baadhi upande upepo unakoelekea na mengine upande unakotoka. Mashine za kisasa za kuharakisha atomi huhitaji kaboni isiyofika hata uzito wa punje ya mchele. Kiwango kikizidi kile cha mahali pasipo na kinu, ziada ni ya kinu, na kwa kawaida hufifia ndani ya kilomita chache. Kwa historia ya miaka iliyopita hukatwa mti, na kila pete yake hupimwa peke yake. Miti ya jirani na Sellafield ilitumika hivyo kurudisha kumbukumbu za miongo iliyopita. Misonobari ya karibu na Chernobyl iliweka katika pete ya mwaka 1986 alama ya mlipuko wa tarehe 26 Aprili.

Njia hii ina mipaka, na mkaguzi mwaminifu huitaja. Jani hula mchana tu, hivyo gesi iliyotolewa usiku hupita bila kuandikwa. Mti uliopukutisha majani wakati wa kiangazi hausemi lolote kuhusu miezi hiyo. Vinu vingi vya maji yenye mgandamizo hutoa kaboni yao zaidi kama methani, na jani halili methani. Panahitajika mtego wa gesi pamoja na jani. Moshi wa magari nao huvuta upande wa pili: jani lililokulia kando ya foleni ya malori ya Tunduma litaelekea kuonekana kongwe kuliko lilivyo, kwa kuwa dizeli haina kaboni-14 kabisa.

Ukiyatazama haya kutoka Kalambo, utaona mambo yamegeuka. Clark aliangushwa na chembe ya kaboni mpya iliyojipenyeza katika gogo la kale. Mkaguzi wa kinu anaitafuta chembe ya namna hiyo hiyo, na akiipata, amepata ushahidi.

Mwaka wa mwanzo

Ukanda wetu si mgeni wa nyuklia. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kinu cha kwanza cha utafiti katika Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Tanzania ina urani katika eneo la Mto Mkuju, Namtumbo, ambako kiwanda cha majaribio kilizinduliwa Julai 2025. Mgodi hautoi kaboni-14. Hatari zake ni vumbi na gesi ya radoni, na hizo zina vipimo vyake. Kaboni-14 huja na kinu. Uganda imeitaja Buyende kuwa mahali pa kinu chake. Kenya iliitaja Uyombo, Kilifi, wananchi wakapinga, na mazungumzo yakahamia Siaya. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo yenye jukumu la kulinda umma dhidi ya mionzi.

Kila ukaguzi wa namna hii unasimama au kuanguka kwa jambo moja: kiwango cha kabla. Ziada haipimiki ikiwa hakuna anayejua hewa ilikuwaje kabla ya kinu kuwashwa, na hewa haingoji. Kaboni ya mabomu imeshuka kiasi kwamba kufikia miaka ya 2020 nusu ya kaskazini ya dunia ilikuwa imerudi karibu na kiwango cha kabla ya viwanda, na bado inashuka kadiri mafuta yanavyochomwa. Anayepima mwaka 2040 hawezi kutumia namba ya leo kama mwanzo wake.

Kwa bahati Ufipa ina akiba. Mary Richards, mama aliyeishi Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, alikusanya maelfu ya mimea katika eneo hilo na Kalambo tangu miaka ya 1950, ndani ya miaka ile ile ya mabomu. Kila mmea ulikaushwa, ukabandikwa, ukaandikiwa mahali na tarehe. Mingi imehifadhiwa Kew, London. Hifadhi za mimea za Nairobi na Arusha nazo zina majani ya miongo mingi. Miti ya mninga, ambayo huko Zimbabwe imethibitika kuweka pete moja kila mwaka, inaendelea kuandika bila kulipwa. Kinachokosekana ni mashine karibu, kwa kuwa sampuli za Afrika Mashariki bado hupelekwa mbali kupimwa, na uamuzi wa kukusanya kwa mpango.

Uamuzi huo ni wa bei nafuu. Gunzi la mahindi kutoka shamba lile lile kila mavuno, likakaushwa, likawekwa katika bahasha ya karatasi yenye tarehe na mahali, linatosha kuhifadhi hewa ya msimu mzima. Shule ya sekondari inaweza kuifanya kazi hiyo, Buyende na Siaya kama ilivyo Matai. Bahasha zisipokuwapo siku kinu kitakapowashwa, wananchi watabaki na takwimu za mwenye kinu peke yake, na hapatakuwa na njia ya kuzihakiki.